Mti wa Nani, Ardhi ya Nani? Ardhi na Kujitawala katika Historia ya Wahadimu wa Unguja

UTANGULIZI

Suala la ardhi ndilo suala la kwanza katika historia ya Unguja. Watawala wamekuja na kuondoka, bendera zimepandishwa na kuteremshwa, lakini kila utawala uliofika kisiwani hapa ulilazimika kujibu, kwa maneno au kwa vitendo, swali moja: ardhi hii ni ya nani, na nani mwenye kauli ya mwisho juu yake? Tumezoea kuisoma historia ya Zanzibar kama historia ya Mji Mkongwe, yaani historia ya majumba ya wafalme, ya mabalozi, ya majahazi na pembe za ndovu. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanaitazama historia hiyo kutoka upande wa wakulima na wavuvi wenyeji, hasa Wahadimu wa kusini na mashariki ya kisiwa.

Njia hiyo haimhusu mtu wa shamba peke yake. Chukua mfano wa Mpendae. Mtaa huu uko baina ya Ng'ambo kongwe na Kiembesamaki. Mpita njia wa leo huona nyumba zilizobanana, maduka na misikiti, akadhani kuwa mji ulikuwapo hapo tangu zamani. Sivyo. Ng'ambo ya kikoloni iliishia nyuma ya hapo. Huku kulikuwa na makonde na miti. Mji ulifika Mpendae baada ya Mapinduzi, ukapita, na ungali unakwenda. Kwa hiyo mkaazi wa Mpendae amejenga juu ya mpaka wa zamani: upande mmoja mji uliokuwa ukipanuka, upande wa pili vijiji vya wakulima waliokuwa wakisogezwa nyuma. Asipoijua historia ya mpaka huo, hawezi kujua kwa nini mgogoro wa kiwanja cha leo unafanana sana na mgogoro wa shamba wa babu yake.

Hoja yetu ni hii. Katika mila ya Unguja mti ni mali ya aliyeupanda, na ardhi iliyo chini yake ina mwenyewe mwingine. Mila hiyo haikufa. Imevuka tawala zote. Kilichobadilika ni yule anayekalia kiti cha mwenye ardhi. Kiti hicho kilipokaliwa na mji, kwa maana ya watu wote wa kijiji wakiongozwa na wazee wao, mila hiyo ilimlinda mnyonge. Kilipokaliwa na mtu mwingine, mila ile ile iligeuka kuwa chombo cha kumwondolea. Hili ndilo somo ambalo yatupasa tulichambue kwa makini.

MJI WA KIHADIMU NA SHERIA YAKE

Kwanza tuseme Wahadimu ni nani. Ni wenyeji wa vijiji vya Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu, Chwaka na vingine vingi vya kusini, kati na mashariki ya Unguja. Jirani zao wa kaskazini na wa kisiwa cha Tumbatu ni Watumbatu. Jina "Wahadimu" lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi, na si ajabu kwamba wengi wao hawalipendi. Hujiita Washirazi, au kwa jina la mji wao tu. Hili si jambo dogo. Mtu anayepewa jina na mtawala wake huwa amekwisha kuwekewa mahali pake katika hesabu za mtawala huyo.

Mji wa Kihadimu ulikuwa na mpango wake wa ardhi. Kulikuwa na kiambo, ardhi ya makazi na miti ya kudumu iliyoshikwa na ukoo. Kulikuwa na uwanda na msitu, ardhi ya mawe na vichaka, ambako kila mwenyeji aliweza kulima konde lake kwa misimu michache, akaliacha lipumzike, akahamia jingine. Ukoo ulihesabiwa kwa upande wa baba na wa mama pia, hivyo mtu aliweza kuwa na haki mahali zaidi ya pamoja, na mwanamke hakutupwa nje ya hesabu hiyo. Ardhi ya kiambo haikukatwa vipande kila alipofariki mtu. Ilichukuliwa kama wakfu wa ukoo, ikabaki pamoja kwa faida ya wote watakaozaliwa.

Mtu aliyepanda mnazi alikuwa na mnazi wake. Aliweza kuurithisha, kuuweka rehani, hata kuuuza. Lakini kuuuza mnazi hakukuwa kuuza ardhi. Mgeni aliyetaka kulima au kukata miti alipaswa kuomba ruhusa kwa wenye mji. Hapa ndipo penye kiini cha mambo: haki ya mtu mmoja ilikuwa katika jasho lake, katika kile alichokipanda, haki ya wote ilikuwa katika udongo.

Nani aliyesimamia haki hiyo ya wote? Ni wazee wa mji, waliojulikana kama watu wanne, wakiwakilisha sehemu za mji. Hao walisuluhisha ugomvi wa mipaka, waliwasikiliza wageni, na walizungumza kwa niaba ya mji mbele ya watawala. Pamoja nao alikuwapo mvyale, mjuzi wa mizimu ya mahali, ambaye msitu haukufyekwa kabla ya yeye kushauriwa. Mabaki ya mpango huo yanaonekana hadi leo Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ambayo watalii huijia na kamera. Wao huona ngoma na kibanda kinachochomwa moto; wenyeji huona mji ukijihesabu upya na kukumbushana kuwa wao ni mji.

Tusiutukuze mpango huo kupita kiasi. Watu wanne walikuwa wanaume na wazee. Kauli ya kijana na ya mwanamke ilipita kwa mlango wa nyuma. Mgeni aliweza kukaa miaka mingi bila ya kuhesabiwa kuwa mwenyeji. Lakini pamoja na kasoro hizo, jambo moja lilikuwa dhahiri: aliyeamua juu ya ardhi aliishi juu ya ardhi hiyo hiyo, na alipokosea alikutana na majirani zake msikitini siku ile ile.

MWINYI MKUU: UTAWALA UNAOBAKI NA JINA

Juu ya miji hiyo alikuwapo Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja. Katika karne ya 17 cheo hicho kilishikwa na Malkia Fatuma, aliyekuwa na mapatano na Wareno. Waoman walipoiteka Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1698, nguvu za Wareno katika pwani hii zilivunjika, na Fatuma alipelekwa Maskati uhamishoni. Baadaye alirudishwa. Toka hapo Mwinyi Mkuu alitawala chini ya kivuli cha Oman.

Kivuli hicho kiligeuka kuwa mzigo pale Seyyid Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake Unguja katika miaka ya 1830. Said hakumwondoa Mwinyi Mkuu. Alimwacha na ngoma zake, siwa yake na heshima yake, na akamfanya kuwa mkusanyaji wa kodi na mtoaji wa watu wa kazi. Wahadimu walilipa kodi kwa Sultani kupitia kwa mtawala wao wenyewe, na walitakiwa kutoa nguvu-kazi, ikiwemo ya kuchuma karafuu. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad alijijengea jumba kubwa Dunga katika miaka ya 1840 na 1850. Magofu yake yapo mpaka leo. Mtu anayeyatazama huweza kudhani kuwa ni alama ya nguvu. Kwa kweli yalijengwa katika wakati ambapo nguvu yenyewe ilikuwa imekwisha kumtoka mwenye jumba.

Muhammad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alifariki mwaka 1873 bila ya kuacha mrithi wa cheo, na cheo kikafa naye. Hapakuwa na vita wala mkataba wa kusalimu amri. Kwa hiyo hapakubaki hata karatasi moja ambayo Wahadimu wangeweza kuishika mkononi na kusema: hiki ndicho tulichopatana, na hiki ndicho mlichokivunja.

Miji ilibaki na wazee wake. Lakini kati ya mzee wa mji na kasri ya Sultani hapakuwa tena na mtu aliyetokana na wenyeji. Sheha, aliyekuwa mtu wa Mwinyi Mkuu, akageuka kuwa mtu wa Serikali.

KARAFUU NA MGAWANYIKO WA KISIWA

Wakati utawala wa wenyeji ukinyauka, mti mpya ulikuwa ukistawi. Mkarafuu uliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na katika muda wa kizazi kimoja ulikigawa kisiwa mapande mawili. Upande wa magharibi na kati, wenye udongo mzito, ukawa nchi ya mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Upande wa mashariki na kusini, wenye mawe, ukabaki kwa wenyeji.

Wanahistoria hawakubaliani namna ardhi ya magharibi ilivyowatoka wenyeji. Wako wanaosema ilinyang'anywa. Wako wanaosema ilinunuliwa. Wako wanaosema ilikuwa msitu tu uliofyekwa. Bila ya shaka yote matatu yalitokea mahali mbalimbali. Lakini swali la msingi ni jingine. Katika sheria ya mji, ardhi ya uwanda na msitu haikuwa na mtu mmoja wa kuiuza. Mtu aliyeuza aliuza kile ambacho hakuwa na uwezo nacho, na aliyenunua alinunua kwa sheria isiyokuwa ya mahali pale. Msitu uliohesabiwa kuwa hauna mwenyewe ulikuwa na wenyewe wengi. Ubepari na ukabaila, popote vilipokwenda, havikuweza kumwona mwenyewe ambaye si mtu mmoja.

Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na kitovu cha zao hilo kikahamia Pemba. Lakini mgawanyiko wa ardhi haukuanguka pamoja na miti. Miti ilipandwa tena mahali pale pale, na kwa mabwana wale wale.

UKOLONI WA KIINGEREZA: NYUMBA YANGU, ARDHI YAKO

Waingereza waliitangaza himaya yao mwaka 1890. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na watumwa wengi wa zamani wakabaki juu ya mashamba ya mabwana zao kama maskwota. Mpango wa uskwota unastahili kuchunguzwa, kwa sababu ndani yake mila ya mti na ardhi ilionyesha upande wake wa pili. Skwota aliruhusiwa kulima muhogo, mtama na mazao mengine ya muda mfupi, naye akapalilia chini ya mikarafuu ya mwenye shamba. Lakini alikatazwa kupanda mti wa kudumu. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu kisiwani alijua kuwa mti huzaa haki. Anayepanda mnazi amepanda madai. Mwenye shamba aliifahamu mila vizuri sana, na aliitumia kumzuia skwota asipate mizizi.

Mjini mambo yalikuwa vivyo hivyo, isipokuwa mahali pa mti palichukuliwa na nyumba. Ng'ambo ilijengwa na watu maskini, wengi wao watumwa wa zamani na watoto wao, juu ya ardhi ya matajiri au ya wakfu. Nyumba ilikuwa ya mjengaji. Kiwanja kilikuwa cha mwingine. Hapo awali wengi walikaa bila ya kulipa chochote, kwa kuwa mwenye ardhi alipata heshima ya kuwa na wafuasi. Ardhi ya mjini ilipoanza kuwa bidhaa, heshima ikageuzwa kodi, na kodi ikapanda. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo walikataa kulipa. Waliokamatwa walitolewa jela na umati wa wenzao. Serikali ya kikoloni ililazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi ya viwanja isipandishwe ovyo. Ndugu msomaji, watu hao hawakuwa na chama wala gazeti. Walichokuwa nacho ni fikra moja waliyoirithi: jasho la mtu katika ardhi lina haki yake, hata kama ardhi si yake.

Kwa wenyeji wa vijijini pigo lilikuja kwa njia ya kimya zaidi. Sheria ya Ardhi ya Umma ya mwaka 1921 iliihesabu ardhi isiyokaliwa kuwa ni ya Serikali. Sasa mkulima wa uwanda huliacha konde lake miaka kadhaa ili lirudishe rutuba. Kwa macho ya karani wa ardhi konde hilo ni pori tupu. Kwa macho ya mji ni konde lililolala. Sheria ilifuata macho ya karani.

Kiembesamaki ndipo mambo yalipofikia kilele. Wakulima wa huko, jirani kabisa na Mpendae ya leo, walipoteza ardhi kwa ajili ya uwanja wa ndege, na hawakuridhika na fidia. Mwaka 1951 yalizuka maradhi ya kimeta, na Serikali ikaamuru ng'ombe wachanjwe kwa lazima. Wakulima walikataa. Baadhi yao walikamatwa na kuhukumiwa kifungo, na tarehe 30 Julai 1951 umati ulijaribu kuwaokoa. Polisi walipiga risasi, watu wakafa. Wenyewe waliyaita mapambano hayo Vita vya Ng'ombe. Maofisa waliandika kuwa ni ujinga wa watu wasiojua faida ya chanjo. Maelezo hayo hayatoshi. Mkulima aliyekwisha kuchukuliwa konde kwa amri, bila ya kuulizwa, alikuwa na kila sababu ya kuiogopa amri iliyofuata juu ya mifugo yake.

Kutokana na wakulima hao kilizaliwa chama kilichokuwa chimbuko la chama cha ZNP cha mwaka 1955, ambacho uongozi wake uliingia mikononi mwa wasomi wa mjini. Kwa upande mwingine, baada ya uchaguzi wa Julai 1957, maskwota walioonekana kukipigia kura chama cha ASP walianza kufukuzwa mashambani. Hivyo malalamiko ya Mhadimu aliyepoteza konde na ya skwota asiyeruhusiwa kupanda mnazi, yaliyokuwa na mzizi mmoja, yalitiwa katika kambi mbili zilizokuwa zikipigana. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa mfumo wa kikoloni katika miaka yake ya mwisho.

MFANO KUTOKA NCHI YA MBALI

Ili tulione jambo hili kwa upana wake, tuvuke bahari kidogo. Waojibwe ni wenyeji wa nchi zinazoyazunguka Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, Marekani na Kanada. Wao nao walikuwa na ardhi na maji ya watu wote; mpunga wa porini unaoota wenyewe katika maziwa yao, wanaouita manoomin, ulivunwa kwa utaratibu wa jamii na si kwa hati ya mtu mmoja.

Mwaka 1867, kwa mkataba na Serikali ya Marekani, waliwekewa eneo la White Earth katika Minnesota. Kisha zikaja sheria za mwaka 1887 na 1889 zilizotaka ardhi ya pamoja igawiwe mtu mmoja mmoja. Zilielezwa kuwa ni za kumwendeleza mwenyeji, awe na shamba lake mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikafuata sheria nyingine zilizoondoa vizuizi vya kuuza. Katika muda mfupi sehemu kubwa ya ardhi ya White Earth ilikwisha kuwa ya makampuni ya mbao na walowezi. Hawakushindwa vita. Walipewa vipande, na vipande vikawatoka kimoja kimoja.

Lakini Waojibwe walikuwa na kitu ambacho Wahadimu walikikosa: mikataba iliyoandikwa. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa Waojibwe wa Mille Lacs bado wanayo haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya waliyojiwekea katika mkataba wa mwaka 1837. Miaka 162 ilikuwa imepita. Karatasi haikurudisha ardhi, lakini jamii iliyokuwa bado na baraza lake iliweza kuishika karatasi hiyo na kwenda nayo mahakamani. Somo ni la pande mbili: haki ya ardhi bila ya baraza la kuisimamia hupotea, na baraza lisilo na haki inayotambuliwa na sheria hubaki kuwa gumzo la jioni.

MAPINDUZI NA EKA TATU

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliuvunja ukabaila wa Unguja. Yalifanyika kwa umwagaji damu. Wengi waliuawa na wengi walikimbia, na historia ya kweli hailifichi hilo. Mwezi Machi mwaka huo ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali. Mwaka 1965, huko Dole, Mzee Abeid Amani Karume alianza kugawa eka tatu tatu kwa wananchi, na mwaka 1966 ikatungwa sheria ya ugawaji. Zaidi ya familia 20,000 zilipata.

Ukubwa wa hatua hiyo lazima utambuliwe. Mtu aliyekatazwa kupanda hata mnazi mmoja alikabidhiwa mikarafuu. Kwa skwota, hapo ndipo historia ilipoanza.

Hata hivyo uchambuzi wa kisiasa hauishii kwenye shangwe. Aliyepewa eka tatu alipewa matumizi. Sheria ya mwaka 1966 haikumruhusu kuiuza ardhi hiyo, na ilimpa kwa muda wa maisha yake. Mti ukawa wake, udongo ukawa wa Serikali. Kiti cha mwenye ardhi kilinyang'anywa kabaila. Hakikurudishwa kwa mji. Na kwa Mhadimu wa Jambiani au Chwaka, ambaye hakuwa na kabaila wa kuondolewa juu yake, badiliko lilikuwa la aina nyingine: uwanda wake, uliokuwa ukisimamiwa na wazee, sasa kisheria ulikuwa wa Serikali kama ardhi nyingine yoyote. Kwa muda mrefu hakulihisi, kwa sababu hakuna aliyeutaka. Nani angetaka mawe?

PWANI INAPOPATA BEI

Jibu lilikuja katika miaka ya 1980 na 1990. Sheria ya kuvutia vitega uchumi ya mwaka 1986 ilifungua mlango, na utalii ukaingia. Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, vijiji vilivyoachiwa wenyeji kwa sababu udongo wake haukufaa kwa mkarafuu, vilijikuta na mchanga mweupe wenye thamani kuliko shamba lolote la karafuu.

Hapo mila ya mti na ardhi ilirudi na sura mpya kabisa. Mwanakijiji aliyetakiwa kuondoka alihesabiwa minazi yake na nyumba yake, akalipwa. Ardhi haikuhesabiwa, kwani ardhi ni ya umma. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 iliiweka mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Mwekezaji alikodishwa ardhi hiyo hiyo. Mnazi ulilipwa bei ya mnazi, lakini kilichoondoka hakikuwa mnazi. Ilikuwa njia ya kwendea pwani, mahali pa kuvutia ngalawa, mahali ambapo wanawake waliolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 waliuanika. Mambo hayo yote yalikuwa ya uwanda, ya wote, na kwa sababu yalikuwa ya wote hayakuwa na safu yake katika karatasi ya fidia.

Pembezoni mwa mji mambo yamekwenda kwa mwendo mwingine lakini yamefika mahali pale pale. Eka tatu nyingi zimekatwa viwanja na kuuzwa, kiwanja baada ya kiwanja, minazi na mikarafuu ikaangushwa, na Ng'ambo ikazidi kutanuka. Mnunuzi ni mtu mdogo anayetafuta pa kuweka watoto. Muuzaji ni mrithi wa skwota wa jana. Hakuna kabaila katika biashara hiyo, na bado shamba limekwisha. White Earth nayo ilikwisha kwa vipande.

NANI AKALIE KITI?

Wako watakaosema: dawa ni kila mtu apewe hati yake na awe huru kuuza. Mwalimu Nyerere alikwisha kuijibu hoja hiyo mwaka 1958 katika maandishi yake "Mali ya Taifa", alipoonya kuwa nchi maskini ikiigeuza ardhi kuwa bidhaa ya kuuzwa, baada ya muda wenyeji wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Wako wengine watakaosema: ardhi ibaki ya Serikali, na Serikali ndiyo wananchi. Nao hawajamaliza kazi. Kiti cha mwenye ardhi kilicho mbali na ardhi yenyewe hukaliwa na wenye uwezo wa kukifikia, na mwanakijiji mara nyingi si mmoja wao.

Kuna njia ya tatu. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji jukumu la kuisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Utekelezaji wake una matatizo mengi, lakini msingi wake ni wazi. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar haikuweka katika sheria yake fungu la ardhi ya kijiji la namna hiyo. Sheha wa leo huteuliwa na Mkuu wa Mkoa; hatokani na mji kama walivyotokana watu wanne.

Hata hivyo mbegu zipo hapa hapa Unguja. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 iliruhusu jamii kuwekeana mapatano na Serikali ya kuisimamia misitu yao. Pembeni mwa Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka, wakulima walioliwa mazao yao na kima punju waliunda umoja wao, wakadai, na sehemu ya mapato ya watalii ikaanza kurudi vijijini. Fedha hizo si nyingi, na malalamiko yapo. Lakini katika mapatano ya aina hiyo kijiji hakihesabiwi kwa idadi ya minazi yake; kinakaa mezani kama kijiji.

HITIMISHO

Tumeona kwamba Wahadimu hawakupoteza kujitawala kwao siku moja. Walipoteza kwanza mtawala aliyegeuzwa mkusanyaji kodi, halafu ardhi nzuri ya magharibi, halafu kauli juu ya konde lililolala, halafu pwani. Katika kila hatua waliachiwa kitu: ngoma, mnazi, nyumba, fidia. Kila walichoachiwa kilikuwa cha kweli, na katika kila hatua kauli ya mwisho ilisogea mbali zaidi na mji.

Kazi iliyo mbele yetu, basi, ni kuisogeza kauli hiyo irudi karibu: kuyaandika katika sheria mambo ambayo miji iliyashika kwa mila, kuuhesabu uwanda, pwani na njia kuwa ni mali yenye wenyewe, na kuliweka baraza la wakaazi, wanawake na vijana wakiwemo kwa haki na si kwa hisani, mahali ambapo hakuna ardhi ya shehia itakayotolewa bila ya kauli yake. Hilo linawahusu watu wa Makunduchi na Nungwi, na linawahusu pia watu wa Mpendae, ambao mji wao hauna tena konde la kupanukia. Mwenye mti ataendelea kulipwa mti wake. Swali ni kama siku ya kuhesabu miti, wakaazi wa mahali hapo watakuwa wamekaa upande wa wanaohesabu au upande wa wanaohesabiwa.